Maji Katika Kitovu cha Gurudumu: Beringi za Tela la Boti Kutoka Kalinzi Hadi Ziwani

Kalinzi, kijiji cha wakulima wa kahawa katika Wilaya ya Kigoma, kiko milimani kando ya barabara iendayo Manyovu. Miinuko ya huko hufikia yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye yapata mita 770. Chombo chochote chenye magurudumu kitokacho Kalinzi, kikapita Mwandiga na kufika ufukweni, huwa kimeshuka zaidi ya mita 700 katika safari moja fupi. Ikiwa chombo hicho ni tela lililobeba boti, nalo likarudishwa kinyumenyume hadi magurudumu yazame, basi beringi zake hupatwa na mambo matatu ndani ya saa chache: joto, badiliko la kanieneo ya hewa, na maji. Ni nadra beringi ya gari la kawaida kukutana na yote matatu kwa pamoja.

Ni kweli kwamba vyombo vingi vya mwambao huu havijui tela. Mitumbwi na maboti ya mbao ya Ujiji na Kibirizi huundwa ufukweni, hushushwa kwa mikono ya watu wengi, na hubaki hapo hapo. Tela ni la boti nyepesi: za doria, za utafiti, za kubebea wagonjwa na wageni, na za watu binafsi waishio mbali na maji. Lakini mafunzo yake hayaishii kwenye boti. Beringi ya aina ile ile, au ndugu yake wa karibu, imo katika tela la trekta, katika mkokoteni wenye ekseli ya gari kuukuu, na katika baiskeli inayoteremsha kahawa na ndizi. Tena hatari yake si ya mwenye tela peke yake. Beringi ikikwama mlimani, pete yake ya ndani huanza kuisaga ekseli, ekseli hupata joto kali na kulegea, na mwishowe gurudumu huchomoka. Gurudumu lililochomoka kwenye mteremko halichagui njia. Na pembeni mwa barabara ile hupita wanafunzi na kina mama wenye mizigo kichwani.

Kuviringika badala ya kuburura

Kazi ya beringi ni kubadili msuguano wa kuburura kuwa msuguano wa kuviringika. Mtu aliyewahi kusukuma gogo juu ya magogo madogo anaielewa kanuni hiyo bila kitabu. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya ekseli ya gari la farasi iliyozungukia gololi za chuma. Mwaka 1898 Henry Timken na Reginald Heinzelman wa Marekani wakapata hataza ya beringi yenye rola za umbo la pia iliyokatwa ncha. Aina hiyo ya pili ndiyo hukutwa katika matela mengi hadi leo. Sababu ni kwamba rola iliyolala mshazari hupokea kani za namna mbili: uzito wa boti unaokandamiza kutoka juu, na kani ya ubavuni inayotokea tela linapokata kona. Kila kitovu huwa na beringi mbili zilizotazamana, ndogo upande wa nje na kubwa upande wa ndani. Nje hufungwa kwa kofia ya chuma. Ndani kuna sili ya mpira inayogusa ekseli.

Rola haigusi pete yake kwa eneo pana. Hugusa kwa ukanda mwembamba sana, na uzito wote hupitia hapo. Kinachoziokoa nyuso mbili za chuma zisisagane ni utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele, unaovutwa na mwendo wa rola yenyewe. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 0.56 lina mzingo wa mita 1.76, katika safari ya kilomita 30 huzunguka mara 17,000 hivi. Utando huo wa mafuta unatakiwa usikatike hata mara moja.

Jinsi kitovu kinavyonyonya maji

Watu wengi hudhani kwamba maji huingia kwenye kitovu kwa sababu tu kimezamishwa. Kuzamishwa ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Sehemu kubwa ni joto, na hapa mwalimu wa kidato cha tatu ana mfano mzuri kuliko ule wa silinda ya kitabuni.

Kitovu hakijai grisi chote. Kuna nafasi ya hewa, na kwa mfano huu nafasi hiyo ichukuliwe kuwa sentimita za ujazo 60. Tela limefika ufukweni likiwa limetoka milimani. Msuguano wa rola, wa grisi na wa sili, pamoja na joto la breki ikiwa tela linazo, vimekifikisha kitovu nyuzi 57 za sentigredi, yaani kelvini 330. Hewa iliyotanuka imejipenyeza nje kidogo kidogo kupitia ukingo wa sili, hata kanieneo ya ndani ikawa sawa na ya hewa ya ufukweni, yapata kilopaskali 92.5. Sasa dereva, kwa haraka ya kuwahi, anarudisha tela majini mara moja. Maji ya juu ya ziwa yana nyuzi 26 hivi, yaani kelvini 299. Chuma hupoa upesi, na hewa ya ndani hupoa pamoja nacho. Ikiwa ujazo haujabadilika, kanieneo mpya ni:

92.5 × 299 ÷ 330 = kilopaskali 83.8

Pengo kati ya nje na ndani ni kilopaskali 8.7. Ongeza sasa uzito wa maji yenyewe. Kitovu kikiwa sentimita 40 chini ya uso wa maji, kanieneo ya nyongeza ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, mara 9.8, mara mita 0.4, yaani paskali 3,920, au kilopaskali 3.9. Jumla ni kilopaskali 12.6. Kanieneo hiyo yatosha kuinua safu ya maji hadi karibu mita 1.29. Kwa maneno mengine, kitovu cha moto kilichozamishwa sentimita 40 hupambana na maji kama kitovu baridi kilichozamishwa karibu mita 1.29. Na katika mzigo huo, joto peke yake limechangia zaidi ya mara mbili ya kina cha maji.

Sili ya mpira iliyochakaa haiwezi kuzuia hayo. Maji yataingia mpaka kanieneo ya ndani ilingane na ya nje, yaani 96.4. Hewa iliyokuwa na sentimita za ujazo 60 itabanwa hadi:

60 × (92.5 ÷ 96.4) × (299 ÷ 330) = sentimita za ujazo 52

Nafasi iliyobaki, sentimita za ujazo 8, imechukuliwa na maji. Ni kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Mwenye boti hataona kitu. Tela litatoka majini likichuruzika, litakauka juani, na kijiko na nusu cha maji kitabaki ndani kikisubiri safari nyingine.

Kutokana na hesabu hiyo, tiba ya kwanza haina gharama. Tela lipumzike ufukweni nusu saa kabla ya kuingia majini, boti ipakiwe mizigo na injini ikaguliwe wakati huo. Dereva aguse kitovu kwa mgongo wa kiganja. Akiweza kukiacha kiganja hapo bila kusikia joto la kuumiza, basi hewa ya ndani imekwisha poa kwa kunyonya hewa badala ya maji. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwingine, hiyo ni dalili ya beringi mbovu upande huo, na safari ya kurudi Kalinzi isianze kabla ya kuifungua.

Maji yasiyo ya chumvi nayo hula chuma

Husemwa mara kwa mara kwamba Ziwa Tanganyika si bahari, kwa hiyo beringi haziharibiki. Hiyo ni nusu ya ukweli. Maji ya Bandari ya Dar es Salaam yana chumvi nyingi na hupitisha umeme kwa urahisi mkubwa. Kutu huko hukimbia. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi kidogo, hasa za magnesi, nayo huelekea upande wa nyongo, yaani alkali. Kutu huku hutembea polepole. Lakini chuma, maji na oksijeni vikikutana, kutu hupatikana, na maji ya juu ya ziwa yamejaa oksijeni.

Tela linalotembea kila siku huwa na nafuu, kwa kuwa rola husambaza mafuta upya. Tela lililosimama ndilo huliwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Chombo kilichopandishwa nchi kavu kwa miezi mitatu namna hiyo, kikiwa na maji ndani ya vitovu, hupata jeraha la pekee: pale kila rola ilipokaa juu ya pete, mstari wa kutu hujichora. Fundi akiifungua beringi ya namna hiyo huona alama nyeusi zilizopangana kwa umbali sawa, kama meno ya kitana, na umbali huo ni ule ule ulio kati ya rola na rola. Beringi hiyo haisafishwi ikarudishwa. Kila alama ni shimo, na kutoka katika shimo hilo chuma kitaanza kumeguka.

Kumeguka huko huitwa uchovu wa chuma. Uso wa pete hukandamizwa na kuachiwa, hukandamizwa na kuachiwa, mara maelfu kwa maelfu, hata ufa mdogo uanze. Maji huuharakisha ufa huo hata kabla kutu haijaonekana. Mwaka 1977 R. E. Cantley wa Marekani alichapisha matokeo ya majaribio ya beringi za rola za umbo la pia zilizolainishwa kwa mafuta yenye maji. Aligundua kwamba maisha ya beringi hufuata uwiano wa (100 ÷ X) uliopandishwa kwa kipeo cha 0.6, ambapo X ni sehemu za maji katika sehemu milioni moja za mafuta. Maji yakiwa sehemu 100, maisha ni 1. Yakiwa 400, maisha hushuka hadi 0.44, yakiwa 1,000, hubaki 0.25. Majaribio hayo yalikuwa ya mafuta mepesi, si ya grisi, na tarakimu zake zisihamishiwe kwenye tela bila tahadhari. Hata hivyo, kijiko na nusu cha maji katika grisi ya kitovu kimoja ni zaidi ya sehemu 100,000 katika milioni. Kipimo hicho kimeachwa mbali kabisa.

Grisi ni sabuni iliyobeba mafuta

Grisi si mafuta mazito tu. Ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya nyuzinyuzi za sabuni, kama maji yanavyoshikwa na sifongo, na tabia ya grisi mbele ya maji hutegemea ni sabuni ya metali gani. Mwanafunzi wa Kigoma anayefua ziwani amekwisha fanya jaribio lenyewe. Sabuni ya kufulia ni ya sodi, nayo huyeyuka majini. Ikikutana na magnesi na kalsi zilizo katika maji ya ziwa, hugeuka utando mweupe usioyeyuka, unaoelea na kuganda nguoni. Utando huo unaowaudhi wafuaji ndio rafiki wa fundi. Grisi ya sodi huvurugika na maji ikawa kama maziwa na kutiririka. Grisi ya kalsi huyakataa maji, ila ile ya kawaida haistahimili joto kubwa. Grisi ya lithi hustahimili joto na huyavumilia maji kwa kiasi, ndiyo maana imeenea madukani. Kwa tela la boti ifaayo zaidi ni ile ambayo kopo lake linataja waziwazi beringi za magurudumu na kinga dhidi ya maji.

Jambo la kuangaliwa sana ni kuchanganya. Sabuni mbili zisizopatana zikiwekwa kitovu kimoja, nyuzinyuzi zake huvunjana na mafuta hutoka yakavuja. Mafundi wengi huongeza grisi mpya juu ya kuukuu bila kuuliza ya kwanza ilikuwa ya aina gani. Afadhali kuosha kwanza.

Kwamba grisi yaweza kulinda chuma chini ya maji ya ziwa hili kwa miaka, si dhana. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa kwa meli na kwa reli hadi Kigoma, ikaelea mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi ili isitekwe. Kabla ya kufanya hivyo, wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Ilipoinuliwa na Waingereza mwaka 1924, mitambo hiyo ilikuwa bado yafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Yafaa kukumbuka, lakini, kwamba mitambo ile ilipakwa ikiwa imesimama na ikaachwa imesimama. Kitovu cha tela hakina bahati hiyo.

Hata kukokota boti kwa magurudumu kulifanyika katika vita hiyo hiyo. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume huko Katanga. Kutoka hapo zilivutwa juu ya matela kupita milima ya Mitumba, kwa mitambo ya mvuke, kwa maksai na kwa nguvu za Waafrika wengi ambao majina yao hayakuandikwa, zaidi ya kilomita 200, kabla ya kupanda reli tena na kufika ziwani.

Kufungua, kuosha, kujaza

Wavuvi wa dagaa wa mwambao huu huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, maana taa haishindani na mbalamwezi. Siku hizo ndizo siku nzuri za kukagua tela. Gurudumu liinuliwe kwa jeki mahali tambarare, lile jingine likiwa limewekewa mawe mbele na nyuma. Lishikwe juu na chini na kutikiswa: likicheza sana, nati imelegea au beringi imekwisha. Lizungushwe taratibu na kusikilizwa: mkwaruzo kama wa mchanga ni dalili mbaya. Kisha kofia ifunguliwe. Grisi ya rangi yake ya asili ni salama. Iliyogeuka nyeupe kama maziwa ina maji, na iliyogeuka hudhurungi ina kutu.

Kufungua kabisa kufanywe walau mara moja kwa mwaka kwa tela linalozamishwa, na mara moja kabla ya kulihifadhi kwa muda mrefu. Beringi zioshwe kwa mafuta ya taa mpaka kila rola ionekane, zikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, zikaguliwe kwenye mwanga. Mafuta machafu yasimwagwe ufukweni. Maji ya Tanganyika huondoka zaidi kwa kuvukiza kuliko kwa Mto Lukuga, na kitu kisichovukiza kikiingia humo hukaa. Grisi mpya ijazwe kwa kiganja: beringi hugandamizwa juu ya donge la grisi mpaka grisi itokeze upande wa pili kati ya rola. Kupaka nje tu ni kazi bure. Sili iwe mpya kila mara. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ekseli.

Kukaza nati ndipo wengi hukosea. Nati hukazwa huku gurudumu likizunguka ili rola zikae mahali pake, kisha hulegezwa na kukazwa tena kwa vidole tu, mpaka ubaki mchezo mdogo usiozidi sehemu ya kumi ya milimita hivi. Rola za umbo la pia zikibanwa hupata joto, hutanuka, na kutanuka huko huzibana zaidi. Mwisho pini mpya ipitishwe katika nati na kukunjwa. Pini ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo isitumike kamwe, kwa kuwa ndiyo pekee inayoizuia nati kuanguka.

Zipo kofia za kisasa zenye springi na bamba dogo linalosukuma grisi ndani daima kwa kanieneo ya yapata kilopaskali 20 kupita ile ya nje. Hewa ikisinyaa, bamba husogea na grisi hujaza pengo badala ya maji. Tarakimu 20 ikilinganishwa na 12.6 ya hapo juu, faida yaonekana. Lakini kofia hiyo ikisukumiwa grisi kwa bomba bila kiasi, sili ya nyuma husukumwa nje, na kitovu hubaki wazi kuliko mwanzo. Wala haiondoi wajibu wa kufungua na kutazama.

Darasani

Jaribio la kitovu laweza kuonyeshwa kwa chupa ya kioo, kizibo chenye tundu na mrija. Chupa iliyojaa hewa iwekwe katika maji ya moto kwa dakika chache, kizibo na mrija vikiwa vimefungwa. Kisha ncha ya mrija itumbukizwe katika maji yaliyotiwa rangi na chupa imwagiwe maji baridi. Maji yatapanda mrijani na kumwagika ndani. Yapimwe, na matokeo yalinganishwe na hesabu. Kwa kutu, misumari mitatu yatosha: mmoja katika maji ya ziwa, wa pili katika maji hayo ukiwa umepakwa grisi, wa tatu katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta. Iachwe wiki mbili.

Maswali ya wanafunzi

1. Kitovu kimefungwa Kalinzi asubuhi, nyuzi 20 za sentigredi, kanieneo ya hewa ikiwa kilopaskali 85. Sili ni mpya na haipitishi hewa kabisa. Kimefikishwa ziwani, kikaachwa kipoe, kikazamishwa sentimita 40 katika maji ya nyuzi 26. Tafuta pengo la kanieneo kati ya nje na ndani. (Jibu: karibu kilopaskali 9.7.)

2. Katika swali la kwanza kitovu hakikuwa cha moto kilipoingia majini, na bado maji yanasukuma kuingia. Eleza sababu. Je, tela lililofungwa vitovu vyake Ujiji lingekuwa na pengo la namna hiyo?

3. Tumia uwiano wa Cantley kutafuta kiasi cha maji kinachopunguza maisha ya beringi hadi nusu. (Jibu: karibu sehemu 317 katika milioni.)